Homa si Ugonjwa

Mama akiweka kiganja juu ya paji la uso la mtoto wake akaona lina moto, husema neno moja: malaria. Jirani akiitwa aje atazame, husema neno lilo hilo. Mwenye duka akiisha kuelezwa, haulizi swali la pili; hunyosha mkono kwenye rafu, akahesabu vidonge, akavifunga katika kipande cha gazeti. Hivyo watu watatu wamekwisha kukubaliana juu ya jina la ugonjwa, na katika hao hapana hata mmoja aliyefungua nguo ya mtoto akamtazama anavyopumua. Nimeuona mkutano huu ukifanyika katika kambi za wachumaji chai na katika maboma ya wakulima wadogo, toka Kericho mpaka Bomet, na nataka kuupinga kwa nguvu zote nilizo nazo. Nasema kwamba homa si ugonjwa, na kwamba kila aipaye homa jina kwa kukisia anacheza na roho isiyo yake.

Si mimi niliyeanzisha ubishi huu. Mwaka 1868 daktari mmoja Mjerumani, Carl Wunderlich wa mji wa Leipzig, alitoa kitabu juu ya joto la mwili wa mgonjwa. Alikuwa amekusanya vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, na kazi hiyo haikuwa nyepesi, maana kipimajoto cha siku zile kilikuwa na urefu wa futi moja hivi, nacho kilikaa kwapani muda mrefu kabla ya kusomeka. Kabla yake matabibu wengi wa Ulaya waliihesabu homa kuwa maradhi kamili yenye maisha yake yenyewe. Wunderlich alionyesha kwamba joto ni dalili tu, na kwamba nyuma yake kuna jambo jingine ambalo tabibu hana budi kulitafuta. Leo kipimajoto kinaingia katika mfuko wa shati na kinatoa jibu kabla chai haijapoa, lakini sisi tunaokiuza na kukinunua tumerudi nyuma ya mwaka 1868.

Tuitazame basi homa yenyewe. Ndani ya ubongo iko sehemu ndogo inayolinda joto la mwili, nalo kwa kawaida huwa karibu na digrii 37. Vijidudu vya maradhi vikiingia, damu huipelekea sehemu hiyo habari, nayo huamuru joto lipande. Ndiyo sababu mtoto anayeanza homa hutetemeka, na mikono yake ikawa baridi hali kifua chake kinawaka: mwili wake unakusanya joto kwa kusudi. Vijidudu vingi havisitawi vyema katika joto hilo, na askari wa damu hupata nguvu ya kupigana navyo. Historia ina kisa cha ajabu juu ya jambo hili. Mwaka 1927 daktari wa Austria, Julius Wagner-Jauregg, alipewa tuzo ya Nobel kwa kuwaambukiza malaria, tena kwa makusudi, wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imeingia ubongoni mwao, ili homa iwafae. Tiba hiyo imekwisha kuachwa, na ni vyema kwamba imeachwa, lakini inatosha kumwonyesha msomaji kuwa homa si adui kila mara.

Joto la digrii 38 au 39 peke yake halichomi ubongo wa mtoto, kama wengi wanavyoamini. Lakini kwa kuliogopa joto lenyewe tunafanya mambo mawili ya upuzi, moja kinyume cha jingine. Wengine humfunika mtoto mablanketi matatu, wakafunga dirisha, wakaingiza ndani jiko la makaa lenye hewa ya sumu, hata joto lililokuwa limepanda kwa kiasi likapanda kupita kiasi. Wengine humtumbukiza katika maji ya baridi; mwili hupigana na baridi hiyo kwa kutetemeka zaidi, na mtoto huumia bila faida. Mtoto mwenye homa ahitaji nguo nyepesi, hewa safi, na kunywa mara kwa mara: ziwa la mama ikiwa ananyonya, maji safi au uji mwepesi ikiwa ameanza kula. Kama anasumbuka apewe parasetamoli kwa kipimo kinachofuata uzito wake, na isirudiwe kila anapolia. Aspirini asipewe kabisa, kwa maana yaweza kumletea mtoto ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Hayo yote ni kumpa mtoto nafuu. Tiba ni neno jingine, nayo haipatikani mpaka sababu imejulikana.

Yafaa niwe mwadilifu kwa wale ninaowapinga. Neno malaria halikuja katika vilima hivi bure. Mji wa Kericho uko juu ya bahari kwa kadiri ya meta 2,000, na baridi yake ilidhaniwa kuwa ngome. Kimelea cha malaria kali hakikui ndani ya mbu kama joto halifiki karibu digrii 18, na wastani wa joto la Kericho uko papo hapo penye mpaka. Likizidi kidogo, mlango umefunguka. Mwaka 1945 Daktari Garnham aliandika juu ya malaria iliyozuka katika nyanda za juu sana za Kenya, mahali ambapo watu hawakuitazamia. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilirudi kwa nguvu katika mashamba ya chai, na madaftari ya hospitali za mashamba hayo, yaliyotunzwa tangu miaka ya 1960, yamekuwa hazina ya wataalamu wa dunia nzima. Mwaka 2002 baadhi yao walisema kuwa hali ya hewa ya Kericho haikuwa imebadilika. Mwaka 2006 wengine wakajibu kwamba joto lilikuwa limepanda. Wengi waliitazama pia kloroquine, dawa iliyokuwa imekwisha kushindwa na vimelea, hata Kenya ikaiondoa katika nafasi ya dawa ya kwanza mwaka 1998. Watu wa ziwani hujenga kinga kidogo kidogo kwa kuumwa tangu utotoni. Watu wa milimani hawana kinga hiyo, kwa hiyo malaria ikiwapandia huwaangusha wakubwa na wadogo pamoja. Mama aliyesema malaria katika miaka ile hakuwa mjinga.

Lakini mlipuko huja ukapita, na neno likabaki. Wizara ya Afya huzihesabu Kericho na Bomet miongoni mwa nchi za juu ambako malaria huja kwa milipuko, wala haziweki pamoja na nchi za kando ya ziwa ambako hukaa mwaka mzima. Katika miezi mingine homa nyingi za watoto wa hapa hutoka kwingine: mafua, masikio, koo, tumbo, mkojo, surua kwa asiyechanjwa, na hasa kifua. Nchi ya baridi na ukungu, nyumba ndogo yenye moshi wa kuni na watu sita chumbani, ni nchi ya nimonia.

Juu ya nimonia nina deni, na ni heri nilitaje kabla sijaendelea. Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha pili. Katika likizo ya Agosti nilikaa kwa mama yangu mdogo, aliyekuwa mchumaji katika shamba moja la chai, nami nikawa ninamlea mwanawe wa mwaka mmoja na miezi saba tangu alfajiri mpaka jioni. Jumatatu mtoto alishikwa na homa. Mwaka ule hapakuwa na mazungumzo mengine ila malaria. Nilitumwa dukani nikanunua kloroquine, vidonge vya mtu mzima, na mimi ndiye niliyevivunja kwa kisu, nikavisaga katika kijiko pamoja na sukari, maana dawa ile ilikuwa chungu mno. Alitapika, nikampa tena. Jumanne alilala mchana kutwa, nasi tukafurahi, tukasema dawa imemtuliza. Niliona tumbo lake likipanda na kushuka upesi upesi, na ngozi ya chini ya mbavu ikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Niliona, ila sikujua kwamba nilikuwa naona kitu. Mama mdogo alirudi na kikapu chake mgongoni, akauliza kama amekunywa dawa. Nikasema amekunywa.

Jumatano alfajiri alikataa ziwa. Tulimpeleka hospitali kwa gari la kubebea majani. Mganga alimfungua nguo, akatoa saa yake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 68. Damu ilipimwa, haikuwa na malaria. Ilikuwa nimonia ya siku tatu. Alikufa kabla ya saa sita mchana, sindano ya kwanza ikiwa imekwisha kuingia mwilini. Mimi sikupigwa wala sikulaumiwa. Katika matanga watu wazima walikaa wakasema kwamba malaria ya mwaka huo ilikuwa mbaya sana, na hata leo wengine katika ukoo wetu watakuambia kuwa mtoto yule aliuawa na malaria.

Nimeyaandika haya kwa kuwa hesabu ile ya pumzi ingaliwezwa na mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili. Haihitaji hospitali, haihitaji fedha. Mtoto akiwa ametulia, asiyelia wala kunyonya, mfungue kifua, tazama saa, hesabu kwa dakika moja kamili, si kwa nusu ukazidisha. Mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili akifikia pumzi 60, anapumua upesi kupita kiasi. Aliye na miezi miwili mpaka 11, kiasi ni 50. Aliye na mwaka mmoja mpaka asiyetimiza mitano, ni 40. Ndugu yangu alikuwa na 68 mahali pa 40. Ngozi ya chini ya kifua kuingia ndani wakati wa kuvuta pumzi ni dalili mbaya hata kabla ya kuhesabu.

Ziko na dalili nyingine ambazo hazingoji jioni. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya. Anayetapika kila kitu. Aliyepata mtukutiko wa mwili. Aliyelegea, haamshiki au hajui watu. Aliyekakamaa shingo: huyo apelekwe sasa hivi, iwe mvua au jua. Na mtoto mchanga ambaye hajamaliza miezi miwili, homa yoyote, hata akiwa anacheka, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Wengi wetu hufanya kinyume. Mtoto mkubwa anayelia kwa sauti hutufadhaisha, tukamkimbiza. Mchanga aliyenyamaza hutupendeza, tukamwacha alale.

Juu ya mtukutiko huo nina neno la kando. Watu wa pwani, Kenya na Tanzania, wanauita degedege, na kwa muda mrefu wengi wao walioutenga na homa za kawaida waliuhusisha na ndege au pepo, wakampeleka mtoto kwa mganga wa kienyeji kwanza na hospitali baadaye. Sisi wa bara tusiwacheke, kwa maana nimeona hapa kwetu watu wakimtia mtoto kijiko mdomoni hata wakamvunja jino. Homa yaweza kumtukutiza mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano, na mara nyingi mtukutiko hukoma wenyewe baada ya dakika chache bila kuacha kilema. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kitu kinywani, tazama saa. Kisha mpeleke, kwa sababu malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo huanza kwa sura ile ile, na hapana jicho la nyumbani linaloweza kuzitenga.

Wala asinielewe mtu vibaya, akatoka hapa na kosa jipya la kusema kwamba milimani hakuna malaria. Mtoto aliyekwenda kumtembelea nyanya yake Kisumu au Homa Bay, akarudi na baada ya wiki moja au mbili akapata homa, safari hiyo itajwe kwa mganga kabla ya jambo lolote. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu wa umri wowote anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Tone moja la damu ya kidole likitiwa juu ya kipimo kidogo hutoa jibu katika muda usiofika nusu saa. Kikisema ndiyo, dawa ipo, nayo hunywewa siku tatu kamili. Asiyemaliza, akaweka vidonge viwili juu ya kabati kwa ajili ya homa ya mwaka ujao, amemdhuru mtoto wa leo na wa mwaka ujao. Kikisema hapana, basi hapana, na sababu nyingine itafutwe. Nimewaona watu wakipewa jibu la hapana wakakasirika, wakapita dukani wakanunua dawa ile ile waliyonyimwa. Wakubwa hao wanapima damu ili wasifiwe kwamba wamepima.

Wapo watakaonijibu kwamba wazee wetu walilea watoto kumi bila kuhesabu pumzi za mtu. Hoja hiyo husemwa na waliopona. Watoto ambao hawakupona hawakuja barazani kutoa ushahidi wao. Kogo yangu mwenyewe alizaa tisa, akalea watano, na kila alipoulizwa idadi ya watoto wake alisema tisa.

Wapo na wengine wenye hoja nzito zaidi, nao nawasikiliza kwa heshima. Husema: dispensari iko mbali, foleni ni ndefu, dawa huenda zisiwepo, na mchumaji analipwa kwa kilo. Akipanda kilima na mtoto mgongoni kwenda kungoja mpaka saa nane, mizani ya siku hiyo haimwandikii kitu. Hiyo ni kweli, na hapa lawama yangu inaondoka juu ya mama na kwenda kuwatafuta wengine. Ada za matibabu katika dispensari na vituo vya afya vya serikali ziliondolewa mwezi wa Juni 2013, lakini hakuna aliyeondoa ada ya kilo zisizochumwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku za malipo anapougua yeye mwenyewe. Akiugua mtoto wake wa mwaka mmoja, mara nyingi hutegemea moyo wa msimamizi, na mioyo ya wasimamizi haifanani. Mtu anayemwita mama huyo mzembe kwa sababu alinunua vidonge vya shilingi ishirini angefaa kwanza kuhesabu kilo zake. Mwenye shamba anayeweza kuleta gari kuchukua majani saa tano yasije yakanyauka, anaweza kuleta gari kuchukua mtoto. Na serikali ya kaunti, ambayo tangu mwaka 2013 ndiyo yenye dispensari, isijenge nyumba nzuri yenye bati jekundu ikaiacha bila kipimo cha damu wala mtu wa kukisoma.

Hata hivyo hoja ya kilo, kwa uzito wake wote, inatetea ucheleweshaji wa safari, haitetei kukisia. Palipo na umbali na umaskini ndipo panapohitaji macho makali zaidi, ili ile siku moja ya kazi itakayopotea ipotee siku inayostahili. Mafua ya kawaida yaweza kungoja, nayo hayana haja ya antibiotiki ambazo wengine huzikimbilia kwa kila kamasi. Pumzi 50 za mtoto wa miaka miwili haziwezi kungoja mizani ya jioni. Anayejua kutofautisha hayo mawili ameokoa siku nyingi za kazi, mbali na kuokoa mtoto. Na tuseme pia kwamba chanjo zimetupunguzia mzigo: ya kijidudu cha Hib iliingia Kenya mwaka 2001, na ya nyumokokasi mwaka 2011, zote mbili dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kadi ya kliniki isiyojazwa ni mlango ulioachwa wazi usiku.

Sasa nasema na wewe mwanafunzi, maana katika vilima hivi mganga wa zamu hana koti jeupe. Saa nne ya asubuhi, wakati wa likizo, mama yako yumo kati ya michai, baba yako yuko kiwandani au mjini, jirani amelala baada ya zamu ya usiku, na mtoto yuko mikononi mwako. Umefundishwa dakika ina sekunde ngapi. Umefundishwa hesabu za kuzidisha, na kusoma maandishi madogo ya kwenye chupa. Usitumwe dukani kabla hujamtazama. Mvue blanketi, mpandishe shati, hesabu pumzi, ziandike na saa uliyozihesabu. Baada ya saa mbili hesabu tena, uandike. Ukiona moja ya dalili nilizozitaja, usingoje ruhusa: mtume mtu shambani akamwite mama, na wewe mbebe mtoto ushike njia ya dispensari, akukute huko. Ikiwa hukuziona, baki naye, mnyweshe, endelea kuhesabu. Jioni mama atafika na kikapu mgongoni, atauliza kama mtoto amekunywa dawa. Mpe karatasi.